Anasoma mwaka wa tatu, lakini hajui kusoma



Katika Kiswahili chetu neno "kusoma" linafanya kazi mbili. Mtu akituuliza, "Mtoto wako anasoma?", tunajibu, "Ndiyo, anasoma mwaka wa tatu." Maana yake anakwenda shuleni. Lakini kuna swali la pili ambalo hatuliulizi mara nyingi. Mtoto huyo akipewa karatasi ambayo hajaiona hata siku moja, anaweza kuisoma na kutuambia inasema nini? Juma hili tunazungumza juu ya swali hilo la pili, maana watoto wengi mitaani na vijijini mwetu wanasoma kwa maana ya kwanza, lakini kwa maana ya pili bado.

Hili si jambo la nyumba moja wala la shule moja. Benki ya Dunia inakadiria kwamba hapa Kongo, katika watoto 100 wenye miaka 10, karibu 97 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Hesabu hiyo inatugusa sisi wote, kwa kuwa watoto hao ni wetu. Tena inatupasa kulitazama jambo hili mapema. Katika miaka miwili ya kwanza mtoto anajifunza kusoma. Toka mwaka wa tatu na kuendelea anatakiwa asome ili ajifunze mengine, kama hesabu, historia na afya. Yule ambaye hajashika kusoma anaanza kunakili ubao bila kuelewa, anarudia mwaka, anaona haya mbele ya wadogo zake, na mwisho anasema shule haimfai. Akiwa msichana, mara nyingi huyo ndiye wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani alee wadogo.

Buletini haisemi yote

Mwisho wa kipindi tunapokea buletini, nasi tunatafuta asilimia tu. Akiwa juu ya 50 tunashukuru, akiwa chini tunagomba. Lakini asilimia inachanganya mambo mengi, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kupita bila kujua kusoma. Anausikia ukurasa ukisomwa darasani mara kumi, anaushika kichwani, kisha anauimba huku macho yake yako dirishani.

Katika kikundi chetu tulikubaliana kila mama amjaribu mtoto wake nyumbani. Mama mmoja anayeuza sambaza sokoni alirudi na mshangao. Binti yake alisema ukurasa mzima bila kukosa neno, lakini mama alipofunika picha kwa mkono na kumwonyesha neno moja tu katikati ya mstari, mtoto alinyamaza. Hakuwa mjinga. Alikuwa amejifunza wimbo, hakuwa bado amejifunza kusoma.

Jaribio hili linafaa hata kwa mama ambaye yeye mwenyewe hakuingia shuleni. Keti karibu na mtoto, umwambie asome huku kidole chake kikitembea chini ya kila neno. Angalia ile nafasi nyeupe kati ya neno na neno, maana hata asiyejua herufi anaiona. Kidole kikifika mwisho wa mstari wakati mdomo bado unasema, au mdomo ukinyamaza wakati kidole kiko katikati, ujue anaimba. Kisha umwonyeshe neno la mwisho, halafu la kwanza, halafu la katikati. Anayesoma kweli ataweza, hata kama anakwenda polepole. Polepole si kosa kwa anayeanza.

Kwa nini kila siku

Kusoma hakuji kwa siku moja wala kwa nguvu. Kunafanana na kusuka mkeka au kusonga bugali: mkono unazoea kwa kurudia. Mtoto anayeanza anatumia akili yake yote kutambua herufi moja moja, hata akifika mwisho wa neno mwanzo wake umekwisha kumtoka. Akirudia kila siku, herufi zinaanza kujitambulisha zenyewe bila yeye kuzitafuta, na akili yake inabaki huru kuelewa maana ya anachosoma. Ndiyo maana robo saa kila siku inamjenga mtoto kuliko saa nzima mara moja kwa juma. Ukimwacha siku nyingi, anaanza kusahau.

Tuhesabu pamoja. Robo saa kwa siku 6, toka siku ya kwanza hadi siku ya posho, ni dakika 90 kwa juma. Kwa majuma 30 tu ya mwaka wa masomo, ni saa 45. Hakuna likelemba yenye faida kama hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena sisi wenye kusema Kiswahili tuna bahati. Lugha yetu ina vokali 5, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti moja tu, popote inapokaa. Karibu kila silabi inaishia kwa vokali. Kwa herufi 6 peke yake, m, a, t, o, k, u, mtoto anaweza kusoma mama, moto, tamu, kuku, kata, toka na mtoto. Hajamaliza mwezi wa pili shuleni, na tayari anasoma maneno anayoyatumia nyumbani. Hiyo ndiyo furaha inayomfanya arudi kesho yake.

Kifaransa ni njia nyingine. Sauti "o" inaweza kuandikwa "o", "au" au "eau". Herufi "ch" tunazozisoma katika "chakula" zinatoa sauti ya "sh" katika neno "chat". Na sauti yetu ya "u" wao wanaiandika "ou", kama katika "vous". Mtoto anayekutana na hayo yote kabla ya kujua hata herufi zinafanya kazi gani, tena katika lugha asiyoisikia nyumbani, ni kama mtu anayefundishwa kuogelea na kuvuka ziwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo tusione aibu mwalimu anapoanza kwa Kiswahili. Wazazi wengine wanalalamika kwamba watoto wanapotezewa wakati, kwa kuwa wanakijua tayari. Sababu ni hiyo hiyo: anayajua maneno, basi abaki na kazi moja tu ya kujifunza maandishi. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe kufundishia katika shule ya msingi. Aliyekwisha kusoma kwa Kiswahili anaingia Kifaransa na ujuzi mkononi: anajua kwamba herufi ni sauti, kwamba mstari unatoka kushoto kwenda kulia, na kwamba maandishi lazima yawe na maana. Kwa watoto wanaosema Mashi, Kinande, Kilega au Kibembe nyumbani, tuongeze mazungumzo ya Kiswahili, nyimbo na hadithi kabla hawajafika mwaka wa kwanza, ila tusiwakataze lugha ya babu zao. Mtoto mwenye maneno mengi, ya lugha yoyote, anasoma kwa urahisi zaidi.

Somo jema la kila siku linakuwaje

Wengi wetu tunafika shuleni siku ya kuandikisha mtoto na siku ya kuitwa na direkta tu. Basi hatujui la kutazama. Haya ndiyo mambo ambayo mwalimu mwema wa madarasa ya kwanza anayafanya kila siku, hata kama ana ubao na chaki tu.

Kwanza, masikio. Kabla ya kuandika herufi, mwalimu anawafanya watoto waisikie. "Maji, mama, moto: yanaanza na sauti gani?" Wanapiga makofi kwa kila silabi: ma-ta-bi-shi, makofi manne. Ni mchezo, lakini ndio msingi wenyewe.

Pili, herufi ya siku. Anaiandika ubaoni, watoto wanaichora hewani kwa kidole, kisha kwenye kibao au katika kaye. Herufi moja mpya inatosha, na zile za jana zinarudiwa.

Tatu, kuunganisha. Herufi mpya inashikana na vokali: la, le, li, lo, lu. Lakini mwalimu mwema haachi hapo. Anachanganya mpangilio ili watoto wasiimbe, na anajenga maneno. Anageuza silabi na kuwauliza neno jipya ni lipi: kata na taka, lima na mali, chapa na pacha. Mtoto anayeweza mchezo huo haimbi tena.

Nne, kusoma sentensi. Si mwalimu peke yake anayesoma na darasa kuitikia. Wanasoma wote, kisha safu moja moja, kisha wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akifuata kwa kidole. Katika darasa la watoto wengi, kusoma wawili wawili ndiyo njia ya kumfanya kila mmoja afungue mdomo kila siku.

Tano, kuandika. Dikte ndogo ya maneno matatu au manne, kisha sentensi moja ya mtoto mwenyewe. Kunakili ubao peke yake si kuandika. Mtoto anaweza kunakili ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri kama anayechora ua, asijue hata neno moja.

Sita, hadithi. Mwalimu anasoma au anasimulia hadithi fupi, na anauliza maswali: nani alifanya nini, kwa nini, wewe ungefanya nini? Hapo watoto wanajifunza kwamba kusoma ni kuelewa.

Tuwe na huruma kwa walimu. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za serikali mwaka 2019, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni, na hilo ni jambo jema. Lakini madarasa yalijaa kuliko viti. Pengine kitabu kimoja kinatumiwa na watoto wanne au watano, na wale wa nyuma hawauoni ubao. Mwalimu mmoja mbele ya umati huo hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Kama tunataka kila mtoto asikilizwe kila siku, masikio mengine lazima yatoke nyumbani.

Mama asiyejua kusoma afanye nini

Tunawasikia wamama wakisema, "Mimi sikusoma, nitamsaidia vipi?" Mama, kazi yako si kufundisha herufi. Kazi yako ni kusikiliza na kuuliza, na hilo unaliweza leo.

Chagua saa moja isiyobadilika, kabla giza halijaingia, kwa kuwa taa ni shida. Wakati unachambua sombe au unangoja sufuria ichemke, mtoto akae karibu nawe asome kwa sauti kile alichojifunza siku ile. Umwangalie kidole, kama tulivyosema. Akimaliza, umwulize, "Inasema nini? Nielezee kwa maneno yako." Akishindwa kueleza, asome tena polepole. Usimkatize kila neno. Mpe nafasi ajirekebishe mwenyewe.

Mfanye aandike jambo lenye kazi. Mwambie aandike katika kipande cha karatasi "lete chumvi", au "mama anakuita", bila kukwambia ameandika nini, kisha umtume mdogo wake akipeleke kwa dada mkubwa au kwa jirani anayejua kusoma. Chumvi ikifika, maandishi yamesema kweli. Yakileta kitu kingine, mtacheka, na mtoto ataandika tena. Hivyo wewe usiyejua kusoma umemsahihisha mtoto wako.

Kama hakuna kitabu, kuna maandishi mengine. Mfuko wa unga, karatasi ya sabuni, jina la duka, ujumbe wa simu, kitabu cha nyimbo, kadi ya kliniki ya mtoto mchanga: vyote vinasomwa. Ukipita naye sokoni umwambie akutafutie herufi inayoanza jina lake. Mchanga wa uani ni ubao, na kijiti ni chaki. Makaa juu ya kipande cha ubao wa zamani yanaandika vizuri tu.

Usiku, simulia. Hadithi za sungura na fisi, vitendawili, habari za nyanya alipokuwa msichana, hizo zote zinampa mtoto maneno. Neno ambalo hajalisikia hata siku moja, akilikuta kitabuni hatalitambua hata akilitamka sawasawa.

Mambo yanayovunja kazi

Kwanza, fimbo na matusi. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya kukosa neno anajifunza kuogopa kitabu. Akikosa, mwambie, "Tujaribu tena." Tusimlinganishe na mtoto wa jirani mbele ya watu.

Pili, kukosa siku. Tunajua maisha yalivyo. Siku ya soko kubwa tunamhitaji mkubwa abaki na mdogo, na msimu wa mavuno tunahitaji mikono. Lakini siku aliyokosa ndiyo siku herufi fulani ilifundishwa, na kesho maneno yanajengwa juu ya herufi hiyo. Kikundi kinaweza kusaidia: wamama wawili wabadilishane zamu ya kulea watoto wachanga siku ya soko, ili wakubwa wao wafike darasani.

Tatu, kumbebesha msichana kazi zote. Akirudi shuleni anachota maji, anaosha vyombo, anapika na kubeba mdogo, huku kaka yake yuko uwanjani na mpira. Giza likiingia, kaye yake haijafunguliwa. Tugawe kazi. Mvulana ana mikono ya kubeba bidoni, na msichana ana macho ya kusoma.

Nne, macho na masikio. Mtoto anayekaribia mno kitabu, anayekunja uso akitazama ubao, au asiyeitika akiitwa kwa nyuma, pengine haoni au hasikii vizuri. Mpeleke kituo cha afya, na umwombe mwalimu amweke mbele. Wengi wameitwa wavivu kumbe ni wagonjwa.

Ambayo kikundi kinaweza

Mama mmoja akienda shuleni kuuliza, pengine ataogopa. Wamama watano wakienda pamoja kwa adabu watasikilizwa. Kila shule ina kamati ya wazazi, ile tunayoiita COPA. Tuingie humo, tusiwaachie wababa peke yao. Tusiende kugomba. Tuulize maswali yenye kujenga: watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili wanasoma kwa sauti kila siku? Vitabu vilivyoletwa viko mikononi mwa watoto au vimefungiwa kabatini visichafuke? Tunaweza kuvitia vitabu jalada la karatasi ngumu ili watoto wavipeleke nyumbani kwa zamu?

Vikundi vyetu vya AVEC na likelemba vinaweza kutenga kitu kidogo kila mwezi kwa ajili ya chaki, kaye na vitabu vichache vya hadithi vinavyozunguka toka nyumba hadi nyumba. Siku ya posho, mama anayejua kusoma, au msichana wa sekondari, anaweza kukaa na watoto saa moja chini ya mti, kila mmoja asome mistari mitano. Tena watoto wasome majina na hesabu za akiba mbele yetu mwanzoni mwa mkutano. Wataona kwamba kusoma kunaleta heshima, nasi tutaona nani bado anahitaji msaada.

Kwa watoto waliopoteza miaka kwa sababu ya vita, kuhama au umaskini, mlango haujafungwa. Kuna vituo vya kufidia masomo, CRS, ambamo miaka 6 ya shule ya msingi inafundishwa kwa miaka 3. Ulizeni kwenye ofisi ya mambo ya jamii ya mahali penu kilichopo karibu. Na kwa sisi wamama, madarasa ya kisomo yapo kwa ajili yetu pia. Mtoto anayemwona mama yake ameshika kalamu haambiwi mara mbili kwamba kusoma ni kitu cha maana.

Tunawaomba jambo moja juma hili. Leo, kabla ya chakula cha jioni, mwite mtoto wako wa mwaka wa pili, wa tatu au hata wa nne. Mpe mstari mmoja ambao hajauzoea, na uangalie kidole chake. Akisoma, mpongeze mbele ya wote. Asiposoma, usimgombeze wala usivunjike moyo, kwa kuwa sasa unajua mahali pa kuanzia. Anza na robo saa, na kesho tena robo saa. Katika mkutano ujao kila mama atatueleza aliyoyaona, na tutapanga pamoja nani atakaa na watoto siku ya posho.